Kumpeleka Baba Mkwe Dindira kwa Gari Lisilochaji

Nimechoka kusimulia vipande vipande. Kila anayeingia dukani kwangu kununua robo kilo ya misumari anataka na habari ya Dindira juu yake, na akitoka anawapelekea wenzake imeshageuka: mara tulilala porini, mara baba mkwe alifungua uganga Segera. Basi naandika yote mara moja, muisome, kisha mniache niuze misumari yangu kwa amani. Na huko Segera mzee hakumtibu mtu. Alimshauri mama mmoja tu, na yule mama ndiye aliyeng'ang'ania.

Kwa wasiomjua, baba mkwe wangu ni Mzee Mhina wa Sindeni, baba wa mke wangu Zuhura. Yeye na mama yao waliachana zamani. Mama akarudi kwao Dindira na mabinti wote wawili, akaolewa tena huko huko. Sasa Ijumaa ile ilikuwa ndoa ya binti mdogo, Rehema, nyumbani kwa mama yake, baada ya sala ya alasiri. Mzee ndiye walii, ndiye wa kumwozesha. Zuhura alishatangulia kwa ajili ya mapishi. Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfikisha mzee kabla ya alasiri.

Kazi ndogo, mtasema. Lakini siku ya ndoa yangu na Zuhura, miaka kumi na miwili iliyopita, mzee hakufika. Basi lake liliharibika njiani, akaja kesho yake, na Zuhura akaozeshwa na baba yake mdogo. Zuhura hajawahi kulizungumza jambo hilo mbele yangu hata siku moja. Ila Jumatano alinipigia simu kutoka Dindira.

"Baba Asha, Rehema kamwambia shehe hataki kuozeshwa na mtu mwingine. Hataki wakala, hataki mambo ya simu. Baba asipofika, watu wale pilau waende zao."

"Atafika."

"Mlete baba," akasema, kisha akakata.

Handeni

Gari langu mnalijua. Limeingia nchini mimi bado nasoma, na hata wakati huo halikuwa jipya. Alhamisi mchana, narudi kutoka kupeleka mabati, naona taa nyekundu ya betri imewaka kwenye dashibodi. Hiyo taa kazi yake ni kuwaka ukifungua swichi, na injini ikishawaka izime. Siku hiyo ikagoma kuzima. Inanikodolea macho tu.

Nikaenda kwa fundi Chande, ambaye nusu yenu mnamfahamu na nusu mnamkimbia. Akasikiliza injini, akanusa, akaipa mgongo.

"Haichaji hii. Aidha mkanda, aidha altaneta yenyewe. Niachie mpaka Jumamosi."

"Jumamosi! Kesho asubuhi namchukua mkwe!"

"Basi chukua bajaji."

Mnanijua hasira zangu. Nilitaka kumjibu neno ambalo mtu haendi nalo msikitini. Lakini nikafikiria jambo moja tu: Mzee Mhina ameketi kiti cha mbele, taa nyekundu inamwakia usoni kutoka Sindeni hadi Dindira. Atajiuliza binti yake kaolewa na mwanamume wa aina gani, asiyeweza hata kutunza gari. Ukwe ni kitu kizito jamani. Mkwe akiwa kwako hata mtoto mwenye kamasi unamficha chumbani.

Nikamwambia Chande, "Basi itoe hiyo taa."

Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Kisha akafungua dashibodi, akachomoa kiglobu kidogo, ukubwa wa punje ya hindi, akaniwekea kiganjani. "Haya, limepona."

Nikakitia kwenye pochi. Nikafungua swichi, dashibodi safi, giza zuri la heshima. Nikajisemea kwamba betri ilikuwa na umeme wa kutosha kutufikisha, maana Dindira si Mwanza. Nikalala usingizi wa mtu mwenye akili.

Sindeni

Nilifika saa moja asubuhi. Mzee alikuwa uani, kanzu imenyooka, kofia imekaa sawasawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mkwe. Umekula?"

Hilo si swali, ni amri. Mkwe haondoki kwa mkwewe na tumbo tupu. Nikaletewa ugali wa muhogo na kisamvu, saa moja ya asubuhi, mlima mzima. Nikaula wote, kwa sababu ukibakisha wanakuuliza kama binti yao anapika vizuri kuliko hapo, na hakuna jibu salama. Nilipomaliza mzee akaingia ndani akatoka na kiti. Kiti cha mbao, cha mikono, kizito.

"Funga juu ya gari."

"Kinakwenda wapi, mzee?"

"Ndoani. Sitakaa kwenye kiti cha mwanamume yule."

Mwanamume yule ni mume wa sasa wa mama yao Zuhura. Nikakifunga kiti kwa kamba ya katani, miguu juu. Nikafungua mlango, nikasema taratibu, "Tukishika lami ya Korogwe, saa nne tumefika."

"Tutapita Segera."

"Segera, mzee?"

"Nataka mwavuli. Dindira kunanyesha. Sitaingia kwa watu nimelowa."

Wenzangu, Korogwe miavuli inauzwa. Inaning'inia mpaka inawapiga watu vichwani. Nilitamani kupiga kelele. Lakini mkwe habishiwi, nikasema, "Haya mzee, Segera." Nikazungusha ufunguo. Gari likasema tik. Nikazungusha tena. Tik.

"Linasema nini?" akauliza mzee.

"Linajiandaa."

Majirani wanne wakasukuma, likashika, tukaondoka watu wakipiga makofi. Mzee akawapungia mkono kwa furaha, akidhani ndivyo linavyowashwa.

Njia ya Segera

Tulikwenda vizuri labda nusu saa. Kisha gari likaanza kukohoa. Nilipojaribu kumpigia honi mbuzi mmoja, honi ikatoa sauti ya mtu anayeota ndoto mbaya. Tukafika mahali penye miiba kushoto na miiba kulia, likazima kabisa.

Mzee akashuka. "Niteremshie kiti." Nikamteremshia. Akakiweka kandokando ya barabara, akaketi akielekea kwenye injini, mikono juu ya magoti.

Hapo ndipo tabu yangu ya kweli ilipoanza. Ukifungua boneti lazima uiname, na ukiinama lazima makalio yaelekee upande fulani. Mzee alikuwa nyuma yangu. Kumgeuzia mkwe makalio! Nikazunguka upande wa kulia, mzee naye kwa upole akasogeza kiti ili aone vizuri. Nikazunguka kushoto, akasogeza tena. Mwishowe nikaikagua injini ile nimesimama wima, shingo tu imekunjwa, na sikuona kitu zaidi ya radieta.

Akaja mfugaji mmoja na pikipiki, shuka nyekundu, rungu kiunoni, ng'ombe zake ziko mbele na nduguye. Akamsalimu mzee kwanza, tena vizuri sana, kisha akanisogelea mimi. Jina lake Lazaro.

"Rafiki, betri imekwisha?"

"Betri nzima hiyo. Gari limechoka tu na joto."

Akaniangalia kwa huruma. "Mimi nina sola pale bomani, nachajia simu za watu. Betri inatoa umeme, sawa. Lakini mchana jua linarudisha. Hii yako inatoa. Nani anairudishia?"

"Altaneta."

"Sasa inarudisha?"

Nikajifanya nakagua tairi. Lazaro hana ukwe na mtu yeyote pale, akainama atakavyo, akabonyeza mkanda unaozungusha altaneta. Kidole kikazama. "Mkanda umelegea. Unateleza bure." Nikatoa spana, nikalegeza bolti. Lazaro akachomeka rungu lake kati ya injini na altaneta, akaivuta kwa nguvu mpaka mkanda ukakaza, na mimi nikafunga bolti. Nilifurahi jamani! Nilimkumbatia. Alikwenda bomani akarudi na betri yake ya sola kwenye pikipiki, ndogo tu, tukaunganisha kwa nyaya zake mpaka betri yangu ikanywa kidogo, tukaichomoa.

"Haitoshi kuzungusha stata," akasema. "Tusukume, mtu akae kwenye usukani."

Tukatazamana. Tulikuwa watatu. Mimi na Lazaro tunasukuma. Aliyebaki ni mzee.

Mzee Mhina hajawahi kuendesha hata baiskeli yenye gia. Nikamweleza pedali, gia nikaiweka mwenyewe namba mbili. Tukasukuma, gari likachanganya mwendo, na ikafika ile nukta ambayo mtu wa usukani anatakiwa aachie klachi papo hapo. Lakini utamwamuruje mkweo? Nikasema, "Mzee, samahani, kama hutajali, naona sasa unaweza ukaiachia ile ya kushoto."

Nilipomaliza sentensi gari lilishasimama.

Mara ya pili nikaifupisha. "Mzee wangu, tafadhali, ile ya kushoto." Bado ndefu. Lazaro akaegemea gari anahema. "Rafiki, huyu umemkosea nini, mbona unambembeleza?" Mara ya tatu hakunisubiri. Akapaza sauti ya kuita ng'ombe: "Mzee, achiaaa!"

Mzee akaachia. Gari likaruka, likawaka, likaenda. Likaenda na mzee. Sikuwa nimemweleza breki, maana sikutarajia kufika huko. Akawa anakwenda polepole katikati ya barabara, amekaa wima, mikono miwili juu ya usukani kwa adabu. Mimi mbio nyuma, Lazaro nyuma yangu amebeba kiti kichwani. Nikamfikia, nikafungua mlango, nikajipenyeza, tukawa wawili kwenye kiti kimoja, mimi na baba mkwe wangu, nyonga kwa nyonga. Nikakanyaga breki. Mzee akaiweka sawa kofia yake.

"Linavuta vizuri," akasema mzee.

Nikamwonyesha dashibodi. "Tazama mzee, hakuna hata taa moja." Nilisema hivyo bila aibu, na pochi ikiwa mfukoni.

Segera

Tulipofika Segera nilipanga kuliacha gari linaunguruma. Mzee akasema, "Zima, mkwe. Mafuta si maji." Nikazima. Mngefanya nini nyinyi?

Mwavuli ulichukua zaidi ya saa nzima. Ule una maua, mwanamume hashiki maua. Ule mdogo, utafunika kofia tu. Ule alioukubali aliufungua na kuufunga mara nane mbele ya muuzaji, kisha akauliza kama upo mwingine. Mwishowe akachukua mmoja mkubwa wa mistari myekundu na njano, unaotosha kufunika meza ya mawakala wawili wa pesa za simu. Tukasali Ijumaa hapo hapo. Tuliporudi nikazungusha ufunguo. Hata tik hakuna.

"Lakini mkanda tumekaza!" nikaliambia gari. Watu wakageuka.

Mzee akaomba kiti. Sasa vuta picha hiyo: njia panda, mabasi ya Tanga, ya Arusha, ya Dar, na katikati ya hayo mzee wa kanzu ameketi juu ya kiti chake chini ya mwavuli wa mistari, gari limefunguliwa mdomo mbele yake. Vijana wa machungwa wakaja kunisaidia. Mmoja akauliza tunatoka wapi.

"Handeni," nikasema.

Wakarudi nyuma hatua mbili. Mnajua sifa yetu huko nje, ya uganga. Mmoja akanong'ona kwamba gari halijaharibika, limefungwa. Mwingine akasema hapana, limesimamishwa na mzee mwenyewe, anangoja wagonjwa wake. Kabla sijakanusha, mama mmoja mwenye beseni la ndizi akapiga goti mbele ya kiti.

"Shikamoo babu. Mume wangu hali chakula changu."

Mzee akadhani anasalimiwa na mtu mwenye shida zake, akamjibu kwa moyo mweupe. "Marahaba mwanangu. Unampikia nini?"

"Maharage, babu."

"Jana?"

"Maharage."

"Na juzi?"

Mama akainamisha kichwa. Mzee akamwambia, "Basi leo mpikie kitu kingine." Yule mama akafumba macho, akamshukuru Mungu, akaacha ndizi nne juu ya goti la mzee. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Hajaniuliza hata jina, kajua." Nilipogeuka tena kulikuwa na watu watatu wanangoja zamu, na mmoja wao ana kuku.

Tungebaki pale mpaka leo. Nikamkimbilia kijana anayeuza betri za mitumba, nikachukua moja bila hata kuuliza imetoka kwenye gari gani, nikafunga, gari likawaka. Nikamwita mzee kwa heshima zote. Ilikuwa karibu saa nane. Simu ilikuwa imejaa ujumbe wa Zuhura, na wa mwisho ulikuwa na neno moja, "Wapi?"

Korogwe

Betri ya mtumba ilitufikisha karibu na stendi ya Korogwe, ikakata roho. Hapo nikakaa kwenye usukani nikatamani kulia, sisemi uongo. Akilini nilimwona Rehema amevaa shela lake, anaangalia mlango. Nilimwona Zuhura anaangalia mlango ule ule, kwa mara ya pili katika maisha yake.

Muuza vocha akatuelekeza kwa Mama Neema, fundi umeme wa magari, banda la pili. Mama Neema ana ovaroli, miwani imefungwa kwa uzi, na hana muda na maneno yako. Alimsalimu mzee shikamoo, akatusukumia gari na wenzake hadi bandani, akaweka betri yake kubwa, akaliwasha. Kisha akachukua kipima umeme.

"Altaneta ikifanya kazi, hapa nione volti kumi na tatu na nusu, kumi na nne. Naona kumi na mbili, na inashuka. Haichaji."

"Mkanda tumekaza," nikasema.

Akabonyeza. "Umekazwa vizuri. Nani kakaza?"

"Mmasai mmoja, kwa rungu."

"Mpe hongera." Akakagua vichwa vya betri, akavikwangua. Akafuata waya wa arthi mpaka ulipofungwa kwenye bodi. Akafuata waya mnene wa altaneta. Vyote vizima. Akazima gari, akasimama, akafikiri, akifutia mikono kwenye ovaroli.

"Fungua swichi, usiwashe. Taa ya betri imewaka?"

Mzee alikuwa amekaa juu ya kiti chake, hatua mbili kutoka mlango wa dereva. Nikasema kwa sauti ndogo, "Haijawaka."

"Kiglobu kimeungua?"

"Hakijaungua."

"Sasa kiko wapi?"

Nikaipapasa pochi mfukoni.

"Baba, nakuuliza. Kiglobu cha taa ya betri kiko wapi?"

"Kwenye pochi."

Mama Neema alivua miwani. Akanyoosha kiganja, nikamwekea kiglobu.

"Altaneta ikianza kuzunguka inakuwa imelala," akasema, polepole, kama anamweleza mtoto. "Umeme mdogo wa kuiamsha unapita humu, kwenye kiglobu hiki. Sasa wewe umemwondoa muadhini, halafu unashangaa watu hawajaamka."

Kwa hiyo Lazaro alikuwa ameshalitengeneza gari kwa rungu lake, kule kwenye miiba. Shida iliyobaki yote ilikuwa mfukoni mwangu. Betri ya mtumba, foleni ya wagonjwa, saa zote zile, ni mimi.

Mzee akasema nyuma yangu, "Kwa nini ulikitoa?"

Nikageuka. Ningeweza kumsingizia Chande, na wallahi nilifikiria. Lakini nilikuwa nimechoka kusema uongo kwa adabu. "Niliona aibu, mzee. Sikutaka uione. Nilitaka udhani gari langu zima."

Hakunilaumu, hakucheka. Akauliza tu, "Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yako."

Mama Neema akarudisha kiglobu. Nikafungua swichi, taa nyekundu ikawaka, na sijawahi kufurahia kitu chekundu kiasi kile. Nikawasha injini, nikakanyaga kidogo, taa ikazima. Kipima umeme kikasoma kumi na nne na ushee. Watu wa banda zima wakashangilia.

"Msilizime mpaka mfike," Mama Neema akaonya. Akamgeukia mzee, ambaye alikwisha msimulia safari ya mwavuli. "Na wewe baba, hata ukiona miavuli mingine."

Kupanda Dindira

Ilikuwa saa tisa kasoro. Barabara ya kupanda mnaijua, kona juu ya kona, na kuanzia katikati mvua ikatukuta, matope yanateleza. Gari likapanda. Chai ikaanza kuonekana pande zote, kijani kile kinachotia macho baridi. Mzee hakuangalia nje. Alikuwa anaangalia ile sehemu ya dashibodi ambako taa ilikuwa imezima, kama anayesubiri iwake.

Tulipopita kona moja mbaya sana, akasema, "Athumani." Miaka kumi na miwili ananiita mkwe. Sikujua kama jina langu analijua.

"Naam, mzee."

"Lile basi halikuharibika."

Nikashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Siku yenu. Basi lilikuwa zima. Mimi nilishuka Korogwe. Nilisikia kwamba mwanamume yule amenunua ng'ombe, amenunua mchele gunia mbili, na ndiye aliyemlipia Zuhura ada tangu darasa la kwanza. Mimi nilikuwa na sukari kilo mbili kwenye mfuko. Nikajiuliza, nitasimama pale niseme namwozesha binti yangu, binti yangu kwa lipi? Nikalala kwa rafiki. Kesho yake nikaja nikasema basi."

Vifuta mvua vilikuwa vinakwenda. Nikapunguza mwendo, nikaishika kona iliyofuata taratibu.

"Nilikuona pale kwa yule fundi mama," akasema. "Umesimama mbele ya watu unasema umeona aibu. Kumbe haikuui."

Dindira

Tuliingia uani saa kumi na dakika chache, adhana ya alasiri ndiyo kwanza inaisha. Gari nililiacha linaunguruma. Zuhura alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, khanga imelowa mvua. Hakuniangalia mimi kabisa. Alimshika baba yake mkono.

"Shikamoo baba. Twende, shehe ameshafika."

Mzee hakusogea. Watu walikuwa wanapita na masinia, mwanamume yule mwenyewe alikuwa amesimama barazani akisubiri kutupokea, mvua inanyesha. Mzee akafungua mwavuli wake mkubwa, akamfunika binti yake na yeye, wote wawili ndani.

"Zuhura, siku yako basi halikuharibika."

"Najua, baba."

"Hujui. Mimi nilishuka..."

"Lilifika," Zuhura akasema. "Nilikuwa nimetoka na shela langu kwenda barabarani kulingoja. Lilifika, watu wakashuka wote, nikamuuliza kondakta. Akaniambia yule mzee wa kanzu alishuka Korogwe kwa miguu yake."

Mimi nilikuwepo siku ile. Nilikuwa bwana harusi, nimekaa sebuleni navuta kola, na sikuwahi kujua kwamba mke wangu alitoka nje.

Mzee akamsogezea mwavuli zaidi. "Miaka yote hiyo hukusema."

"Ningesema, ungeona aibu kuja kwangu. Nilitaka uwe unakuja." Kisha akamfuta baba yake uso kwa pindo la khanga, akamwachia unga kwenye ndevu. "Haya, twende. Rehema anakungoja wewe."

Akaingia. Mwanamume yule akampa mkono, wakashikana, na sala ilipokwisha wakaketi jamvini bega kwa bega, maana siku ya ndoa watu wanakaa chini na hakuna aliyehitaji kiti. Mimi nikakaa karibu na mlango, matope hadi magotini. Upande wa pili wa pazia wanawake walikuwa wamenyamaza, na nilijua Zuhura yupo hapo hapo, amesimama.

Shehe akafungua kitabu chake, akarekebisha miwani, akauliza walii wa binti ni nani, na kama yupo.

Mzee Mhina hakumngoja amalize. "Ni mimi, baba yake," akasema, kwa sauti kubwa mpaka shehe akashtuka. "Nimefika."